Mashine ya Baridi Isizimwe

Jumatatu, 6 Mei

Mapichi ya kwanza yameanza kuchumwa leo shambani kwa binamu Harlan. Ni machache, tena madogo. Majira ya baridi yalipita bila baridi ya maana, na mti wa pichi usipopata baridi ya kutosha hauzai vizuri. Usubi nao umeshafika, mtu hawezi kukaa barazani bila kuupuliza kwa pembe ya mdomo. Naandika kwa sababu nina hasira, na Mama hataki malalamiko mezani.

Kisa chenyewe ni hiki. Kampuni moja ya Nashville inataka kuitoa upya "Elberta", albamu ya pekee aliyoimba kaka yangu Royce, tuliyoipa jina la aina ya pichi. Miaka hamsini imepita. Bendi yetu iliitwa Clay Road Deacons, yaani mashemasi, ingawa hakuna kanisa ambalo lingetukabidhi hata sahani ya sadaka. Royce aliimba, Wendell Pruitt alipiga gita, Huey Stokes dramu, na mimi besi. Watu walikuwa wakija kutazama msichana anayepiga besi, wakiondoka wanamzungumzia Royce. Mwaka uliofuata akagongwa na lori. Huey naye amekwisha kutangulia. Tumebaki mimi na Wendell, aliyekuwa mume wangu na sasa ni jirani tu, na bila saini zetu wote wawili albamu haitoki.

Mimi nilikuwa tayari kusaini. Tangu Februari Mama anasema anataka kumsikia Royce kabla hajaenda zake. Ana miaka tisini na mbili. Miaka yote hii hakutaka santuri ile hata itajwe ndani ya nyumba, na sasa anaiulizia kila baada ya chakula. Nakala yangu niliipiga mpaka ikaisha, haitoi ila mikwaruzo, na nyingine sijaiona ikiuzwa popote. Kanda ya mwanzo iko Nashville, kwa hao hao wa kampuni.

Leo wamenitumia wimbo wa kwanza kwenye simu nisikie walivyousafisha. Nilianza kuusikiliza nimesimama jikoni, nikamaliza nimekaa. Yule si Royce.

Jumanne, 7 Mei

Nimesikiliza tena, nimetulia, nimekunywa chai. Si Royce.

Ijumaa, 10 Mei

Nimempigia fundi wao wa sauti. Nilitegemea bwana mmoja mwenye majivuno, kumbe ni binti, anaitwa Tess, mwenye sauti ya upole na maneno mengi.

"Bi Corliss, sijabadilisha kitu. Nimesafisha tu. Kulikuwa na mvumo mbaya mno chini ya nyimbo zote, nikautoa. Nilipoutoa nikakuta vyombo vyote havijakaa kwenye noti. Viko katikati, juu kidogo ya hii, chini kidogo ya ile. Nikavivuta mahali pake. Na sauti ya kaka yako nikainyoosha kidogo ifuatane navyo."

"Ukainyoosha."

"Kidogo tu, Bi Corliss."

"Mwanangu, kaka yangu hakunyooshwa na baba yake, wala na mwalimu, wala na jeshi. Utamnyoosha wewe?"

Akacheka, mimi sikucheka. Nikamweleza. Studio zote zilitukataa, ndipo Baba Mdogo Clete, babake Harlan, akatupa kona kwenye banda lake la kupakia mapichi. Akasema, "Pigeni mtakavyo, lakini mashine ya baridi haizimwi. Mapichi kwanza, makelele yenu baadaye." Ilikuwa Julai, chumba cha baridi kimejaa hadi mlangoni, na mashine ilivuma sauti moja nene mchana kutwa. Wendell alikuwa amekalia filimbi yake ndogo ya kulinganishia nyuzi, imepondeka. Basi akalinganisha gita na ule mvumo. Mimi nikalinganisha besi na gita lake. Royce hakuhitaji kulinganisha chochote, alilelewa chini ya mvumo ule. Mama alikuwa msimamizi wa wanawake waliochambua mapichi, naye alimlaza kwenye kreti akiwa mchanga. Aliyetuletea mitambo ya kurekodia akatuonya kwamba mashine itasikika kwenye kanda. Royce akamjibu, "Acha isikike. Na yenyewe ni mwenzetu."

Tess alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo lililonichoma. "Lakini Bwana Pruitt ameshasaini. Ametuambia lilikuwa kosa, na anashukuru limerekebishwa."

Jumamosi, 11 Mei

Nimevuka barabara kwenda kwa Wendell. Alikuwa anamwagilia nyanya.

"Umesaini?"

"Habari za asubuhi na wewe, Corlie."

"Umesaini, Wendell?"

"Nimesaini. Na wewe saini, tupumzike."

Nikamwambia wamemgeuza Royce mtu mwingine. Akafunga bomba, akajifuta mikono taratibu, tabia yake ileile iliyonitoa nyumbani kwake. "Unajua gazeti liliandika nini juu yetu," akasema. "Bendi isiyojua kulinganisha magita. Halikukuandika wewe, halikumwandika Royce. Gita ni la nani? La kwangu. Kila nikiingia duka la ala kuna mpuuzi ananiuliza kama nimelinganisha. Miaka hamsini, Corlie. Sasa mtu ananiambia anaweza kunisafisha, unataka nikatae?"

"Ndiyo. Ukatae."

"Na mama yako afe hajamsikia mwanawe kwa sababu ya kichwa chako kigumu?"

Nilichuma nyanya moja bila kuomba, nikaondoka nayo. Ilikuwa bado mbichi.

Jumapili, 19 Mei

Joto. Mama ameuliza, "Watu wa Nashville wamefika wapi?" Nikamwambia wako njiani.

Jumatano, 29 Mei

Mvua ya mawe nyuma ya kanisa. Harlan amepoteza safu kadhaa za miti huko. Amekuja kunywa chai baridi, akasema huu ndio msimu wa mwisho wa banda la zamani. Mavuno yakiisha anauza mashine kama vyuma chakavu, na mapichi yatakwenda kupakiwa mjini. Aliyasema akitazama glasi yake. Mama akamuuliza kwa ukali, "Mlango wa chumba cha baridi umeufunga?" Akasema ndiyo, Mama Mkubwa. Enzi zake Mama alikuwa kila akisikia bawaba ikilia anapaza sauti, "Fungeni mlango, baridi inatoka!" Sisi watoto tulilisikia neno hilo mara nyingi kuliko majina yetu.

Jumapili, 2 Juni

Lazima niandike yote ya leo kabla sijalala.

Kila Jumapili Wendell hula kwetu. Talaka ilituachanisha mimi na yeye, lakini haikumwachanisha na kuku wa Mama, na Mama hajawahi kukubali kwamba mkwe anaweza kukoma kuwa mkwe. Leo nilipika mimi: kuku wa kukaanga, maharage ya siagi, biskuti, vile vimkate vyetu laini vya moto, na pudingi ya ndizi. Wendell alikuja amevaa shati la kanisani, na mkononi ana spika ndogo.

Nilijua mara moja. Nikamwambia kwa macho, usithubutu. Akathubutu.

"Mama," akasema, "nimekuletea Royce."

Mama aliweka uma chini. Akajitengeneza nywele. Mwanamke asiyeona vizuri hata sahani yake alijitengeneza nywele na kuvuta kola ya gauni, akakunja mikono mapajani, akangoja. Nani angemwambia asubiri?

Wimbo ukaanza. Safi, kweli, kila chombo mahali pake. Gita la Wendell lilikuwa kama limetoka kuoshwa. Na ile sauti ikaimba, nyepesi, imenyooka, maneno ya Royce na pumzi za Royce, mpaka mwisho. Wendell alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyeleta cheti.

Mama akasubiri kimya kikamilike. Kisha akampapasa Wendell mkono.

"Anaimba vizuri huyo kijana," akasema. "Watu wake ni wa wapi?"

Wendell aliitazama spika yake.

"Ana adabu kwenye sauti yake," akaendelea, "amefundishwa. Sasa niwekee Royce."

Wendell akasema, "Mama, huyu ndiye—" na mimi nikampiga teke chini ya meza, kwa nguvu zangu zote, na sijutii. Nikasema, "Mama, spika imeisha chaji. Siku nyingine." Mama akasema, "Haya," akachukua uma wake, akala. Alikula kidogo sana.

Barazani Wendell akanigeukia. "Amezeeka, Corlie. Masikio yamechoka. Hawezi kujua."

"Alijua kabla ubeti wa kwanza haujaisha! Aliuliza watu wake ni wa wapi, Wendell! Mwanawe!"

"Basi saini usisaini, fanya upendavyo, siku zote umefanya upendavyo!"

"Na nitaendelea!"

Akaondoka bila pudingi. Wendell Pruitt, bila pudingi ya ndizi. Nimeosha vyombo nikilia kwa hasira, na nataka ijulikane kwamba ilikuwa hasira zaidi kuliko huzuni. Sisaini. Waje na kalamu ya dhahabu, sisaini.

Jumatatu, 3 Juni

Sisaini.

Ijumaa, 14 Juni

Bosi wa Tess amepiga simu mwenyewe. Mtu wa maneno matamu. Ananiita "mama yangu" ilhali naona ananikaribia umri. Anasema wasikilizaji wa siku hizi hawavumilii kelele. Nikamwambia wasikilizaji wa siku zile pia hawakuvumilia, ndiyo maana haikuuzika. Akasema tusiposaini kabla ya mwisho wa Julai, kanda inarudi ghalani na huenda isitoke tena mimi nikiwa hai.

"Mimi nina miaka sabini na moja," nikamwambia. "Mama yangu ana tisini na mbili na jana alinifokea kwa kuchoma biskuti. Usinihesabie uhai."

Nilipokata simu nilikuwa jasiri. Nilipomwona Mama amesinzia kwenye kiti mdomo wazi, ujasiri ukapungua. Je, kama Wendell yuko sahihi? Afadhali Royce wa uongo kuliko kimya? Nimejiuliza hivyo mchana mzima. Halafu nikakumbuka, "Sasa niwekee Royce." Yeye mwenyewe ameshajibu.

Jumapili, 16 Juni

Wendell hakuja kula. Mama ameuliza kama anaumwa. Nikasema anaumwa kiburi. Mama akasema, "Basi mpelekee chakula." Sikupeleka.

Jumapili, 23 Juni

Hakuja tena. Nimepeleka. Nimeiacha sahani mlangoni nikaondoka.

Alhamisi, 4 Julai

Fataki za sikukuu ya uhuru mjini, sikwenda. Sahani imerudi imeoshwa, juu yake nyanya tatu zilizoiva vizuri. Nimezila na mkate na mayonezi nimeinama juu ya sinki, nikakiri kwamba yule mtu anajua nyanya.

Jumanne, 9 Julai

Leo nilimpelekea Harlan kofia aliyoisahau. Nilipofika bandani wachumaji walikuwa wamekwenda kula, hapakuwa na mtu. Ila nilisikia gita.

Wendell alikuwa ndani ya chumba cha baridi, amekaa juu ya kreti, amevaa koti zito mwezi wa Julai, gita la zamani magotini. Mashine inavuma. Sikio ameliegemeza kwenye ubavu wa gita, anakaza uzi, anasikiliza, analegeza, anasikiliza. Nilisimama nje nikamtazama. Sikumbuki lini niliwahi kumtazama bila kutaka kumrekebisha.

Alipoupata akapiga mara moja nyuzi zote. Sauti ile iliingia kwenye mvumo ikakaa, hata sakafu niliihisi miguuni. Akaniona.

"Funga mlango," akasema, "baridi inatoka."

Nikaufunga, nikaketi kwenye kreti nyingine.

"Sikuwa nimekosea," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Corlie, gita lilikuwa limelingana. Lilikuwa limelingana kabisa kabisa. Miaka hamsini nimewaachia watu waniambie halikulingana, mpaka na mimi nikaamini. Mama yako kaniuliza watu wake ni wa wapi. Mimi ndiye niliyembeba Royce kwenye jeneza, halafu nikaleta mtu mwingine mezani kwake nikasema ndiye."

Nilimwambia, "Uliniita kichwa kigumu."

"Ni kigumu."

"Haya."

Tukakaa mpaka meno yakaanza kugongana. Nilikuja shambani nikiwa na adui mmoja, nikatoka sina hata huyo mmoja, na kwa kweli ilinikosesha raha kidogo. Nilikuwa nimeshamzoea.

Jumamosi, 20 Julai

Tess amekuja kutoka Nashville kwa gari lake mwenyewe, aisikie mashine kwa masikio yake, bosi hajui. Ni mrefu, mwembamba, hajui kupuliza usubi, anaupiga makofi. Mama akamwangalia kwa macho yake yaliyofifia akasema, "Huyu mtoto ale kwanza." Akala. Ndipo tukaenda bandani.

Harlan alituvutia waya wa umeme kutoka ofisini. Mimi sijashika besi mbele ya mtu tangu Huey azikwe, vidole vilinichoma kama moto. Tulipiga wimbo wa kwanza wa "Elberta" bila mwimbaji, Wendell na mimi na mashine. Wanawake wa kupanga mapichi wakaacha kazi, mmoja akaanza kutikisa kichwa. Vyombo vyetu viwili vya wazee vilisikika kama vitano.

Tess akamwomba Harlan azime mashine kidogo tu. Harlan akazima. Tukaendelea kupiga wimbo uleule, kwa nyuzi zilezile, na nilitaka kuficha uso. Tulikuwa kama watu waliokaa kwenye meza iliyoondolewa mguu.

"Washa," akasema Tess. Harlan akawasha. Wimbo ukasimama tena.

Binti alikuwa na machozi, sijui ni ya baridi au ya nini. "Nilimtoa mmoja wenu kwenye bendi," akasema. "Nilimtoa kwanza huyo, halafu nikawalaumu nyinyi wengine."

Wendell akamwambia, "Usijali, binti. Hata mimi nilimkana."

Jumanne, 30 Julai

Bosi amepiga simu, tumemsikiliza pamoja jikoni kwangu. Anajua Tess alikuja. Amekasirika. Anasema mashine ya mapichi haiwezi kuwa mwanabendi, toleo liko tayari, kesho ni siku ya mwisho, tusaini au tusahau.

Mimi nilikuwa nimejaza kifua kumjibu, Wendell akanishika bega.

"Bwana," akasema, "jina langu ni Wendell Pruitt. Ile saini yangu naiondoa. Utaitoa 'Elberta' kama tulivyoipiga, na mashine yake, na sauti ya Royce bila kuguswa, au hutaitoa. Wataandika tena kwamba sijui kulinganisha gita. Waandike. Nimechekwa miaka hamsini na sijafa, kumi mingine nitaiweza."

Bosi akakata. Wendell akaomba pudingi. Haikuwapo, nikampikia.

Jumatano, 31 Julai

Siku ya mwisho imepita. Simu haikulia.

Ijumaa, 9 Agosti

Mapichi yamekwisha. Harlan ameizima mashine, safari hii moja kwa moja. Tulikwenda kusimama naye. Kimya kilichofuata kilinifanya nishike ukuta. Mafundi wakaanza kuifungua vipande.

Jumapili, 18 Agosti

Mama ana homa ya mapafu. Daktari anasema tungoje. Yeye anasema daktari ana mikono ya baridi.

Jumatano, 21 Agosti

Naogopa. Sisemi nilikosea, naandika tu kwamba naogopa.

Jumanne, 27 Agosti

Mama ameomba biskuti. Amekula mbili na kusema nimezichoma. Asante Mungu.

Ijumaa, 30 Agosti

Tess amepiga. Siku zote hizi alikuwa akimsikilizisha bosi kanda ya mwanzo, bila kuiosha. "Amesema basi, Bi Corliss. Itoke na kelele zake. Ila amesema nyinyi wawili ni vichwa vigumu kupita wote aliowahi kufanya nao kazi."

"Mwambie hajakutana na Royce," nikasema. Tulisaini mchana huohuo, Wendell na mimi, juu ya boneti ya gari.

Jumamosi, 14 Septemba

Santuri ya kwanza imefika kwa posta leo mchana. Tumemkalisha Mama kwenye kiti chake sebuleni. Amekonda tangu ugonjwa, mikono imekuwa ya karatasi. Safari hii hakujitengeneza nywele. Nadhani hakutaka kutumaini.

Wendell aliiweka sindano. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na Mama. Nyimbo hazianzi mara moja kwenye "Elberta". Kwanza kuna muda ambao hakuna anayepiga, kila mtu anamngoja Royce, na inasikika mashine peke yake. Mvumo ule mnene ukajaza sebule.

Mama akainua kichwa. Akaugeuza upande wa jikoni, ambako mlango ulikuwa wazi kweli, na uso wake ukawa mkali, uso wa msimamizi.

"Royce," akasema, "funga mlango. Baridi inatoka."

Wendell alifunika macho kwa kiganja. Mimi niliinuka nikaenda kuufunga mlango, na nilipokuwa bado nimeshika kitasa, kaka yangu akaanza kuimba.